Tusiisingizie baridi ya Kilimanjaro



Wengi wetu tuna ndugu walioolewa, wanaosoma au wanaofanya kazi Moshi. Ikifika Juni na Julai simu zao hufanana: mtoto anakohoa, kifua kimembana, na inayolaumiwa ni baridi. Ukipanda Marangu, Machame au Kibosho miezi hiyo, unaelewa kwa nini mama humfunika mwanawe mablanketi na kukaa naye jikoni, pembeni ya moto.

Lakini sisi tunaona baridi inasingiziwa. Nimonia huletwa na vijidudu, na moshi wa kuni hudhoofisha mapafu machanga mpaka vijidudu vikapata njia. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa mtoto karibu mara mbili. Basi mama anayemkimbizia mwanawe kwenye mafiga, katika jiko lisilo na dirisha, anamtoa kwenye baridi na kumtia kwenye hatari kubwa zaidi. Nguo nzito ni haki ya mtoto, moshi si haki yake. Na tusijione tumesalimika huku visiwani: wangapi tunapuliza kuni tukiwa tumempakata mtoto?

Jambo la pili ni kuchelewa. Siku zinapotea kwa mafuta ya kuchua, dawa ya kikohozi ya dukani, hata kumpeleka mtoto akakatwe kimeo. Kukata kimeo hakutibu nimonia, na kunaweza kumletea mtoto kutoka damu nyingi na maambukizi.

Kikohozi peke yake si kipimo. Tazama pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, shika saa, hesabu dakika nzima. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ukipata:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
- miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi

Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, usingoje hata saa moja.

Chanjo nazo tusizikose. Ile ya nimokoki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Sasa tuseme na kina baba. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Miaka 10 ni mingi mno kwa mtoto wa miezi 4. Mtungi wa gesi uhesabiwe kwenye matumizi ya lazima ya nyumba, kama unga na mafuta. Asiyeuweza leo, atoboe dirisha jikoni au ajenge kipenu nje, na mtoto abaki kwa bibi au shangazi mpaka chakula kiive.

Watoto ni amana. Baridi ya mlima hatuwezi kuiondoa, moshi tunaweza. Basi tuanze na huo, na kuhesabu pumzi tufundishane, mama kwa mama.