Kura Isiyohesabika Mara ya Pili

Wakubwa wa Moscow wamekwisha kutoa hukumu yao juu ya karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa Baraza la Jiji wa Septemba 2024, aliyetaka karatasi alilazimika kuiomba mapema. Asiyeomba alipiga kura mtandaoni, au alifika kituoni akaelekezwa kwenye mashine. Haki ya kila mtu imegeuzwa kuwa hisani ya kuombwa, na kwa mwendo huo jiji linaelekea uchaguzi wa Duma, Bunge la Urusi, uliopangwa kufanyika Septemba 2026. Wenyewe wanasema haya ni maendeleo. Mimi nasema ni kuharibu ushahidi kabla kesi haijafunguliwa. Anayedhani natia chumvi na aitazame historia ya jimbo moja tu: Kuntsevo, Jimbo Namba 197, magharibi mwa Moscow.

Kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo. Machi 26, 1989, bado chini ya Chama cha Kikomunisti, wakazi wa Moscow walimchagua Boris Yeltsin kuwa mbunge kwa takriban asilimia 89 ya kura, wakamwangusha Yevgeny Brakov, mkurugenzi wa kiwanda cha magari cha ZIL aliyebebwa na wakubwa. Siku hiyohiyo, mjini Leningrad, Yuri Solovyov, bosi wa chama wa mkoa mzima, aligombea peke yake na bado akashindwa. Mpiga kura wa wakati ule alikata kwa kalamu jina asilolitaka, na waliolikata la Solovyov walikuwa wengi mno, hivyo hakufikisha nusu ya kura. Dola ile ilikuwa na polisi, magazeti na hazina yote, lakini kura ilibaki kwenye karatasi. Karatasi iliyokatwa jina ilionekana kwa macho, ikahesabiwa, na bosi akarudi nyumbani.

Baada ya hapo majimbo ya Urusi yalichezewa kwa njia za kawaida. Katika chaguzi za 2007 na 2011 yalifutwa kabisa, viti vyote 450 vya Duma vikagawanywa kwa orodha za vyama. Mwaka 2016 nusu ya viti, yaani 225, ilirudishwa majimboni, na Kuntsevo ikaenda kwa Vyacheslav Lysakov wa chama tawala, Umoja wa Urusi.

Mwaka 2019 kura ya mtandaoni ikajaribiwa katika majimbo matatu ya Baraza la Jiji. Katika mojawapo, Namba 30, kusini mwa Moscow, mgombea binafsi Roman Yuneman aliongoza kwenye karatasi. Zilipoongezwa kura za mtandaoni, alikuwa ameshindwa kwa kura 84. Nchi yenye aibu ingesitisha jaribio hilo ichunguze kilichotokea. Moscow ililipanua hadi jiji zima.

Ndipo ikaja zamu ya Kuntsevo. Septemba 2021, kwa siku tatu, Mikhail Lobanov, mwalimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Moscow aliyesimama kwa tiketi ya Wakomunisti, alipambana na Yevgeny Popov, mtangazaji wa televisheni ya serikali na mgombea wa Umoja wa Urusi. Karatasi zilipohesabiwa, Lobanov alikuwa mbele kwa zaidi ya kura 10,000. Matokeo ya mtandaoni hayakutoka usiku ule, yalisubiriwa hadi siku iliyofuata. Yalipotoka, Popov alikuwa ameshinda. Wapinzani waliokuwa wakiongoza kwa karatasi katika majimbo mengine ya jiji nao waliangushwa vivyo hivyo. Hesabu ilipofungwa, majimbo yote 15 ya Moscow yalikuwa mikononi mwa wagombea wa upande wa serikali.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja zao. Wanasema ni rahisi, mtu anapiga kura akiwa kitandani. Wanasema wafuasi wa serikali walihimizwa kujiandikisha mtandaoni huku wapinzani wakishikilia karatasi, kwa hiyo tofauti ya matokeo si ajabu. Wanasema pia kwamba karatasi nayo huibwa. Hayo yote yanawezekana.

Lakini hakuna hata moja linalojibu swali lililopo mezani: nani mwingine anaweza kuhesabu? Ni kweli karatasi huibwa, na Urusi imeziiba nyingi. Ila mwizi wa karatasi huacha nyayo. Mwaka 2011 wananchi walirekodi kwa simu jinsi kura zilivyokuwa zikishindiliwa masandukuni, picha zikasambaa, na maelfu wakajaa barabara za Moscow. Wakala wa chama asiye na shahada yoyote alijua anachokiona. Sanduku linaweza kufunguliwa tena, fomu ya kituo ikalinganishwa na karatasi zilizomo. Lobanov, mwalimu wa hisabati, afungue nini? Alipewa jumla, akaambiwa mitambo imethibitisha. Akaenda mahakamani na matokeo yakabaki yaleyale.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliona hatari hii mapema. Machi 3, 2009 iliamua kuwa mashine za kura zilizotumika katika uchaguzi wa Bunge wa 2005 zilikiuka katiba, kwa sababu mwananchi wa kawaida lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu. Tena mahakama hiyo haikuhitaji kuthibitishiwa wizi. Kutokaguliwa peke yake kulitosha, na hiyo ndiyo kanuni. Siwezi kuapa kwamba Lobanov aliibiwa. Popov naye hawezi kuonyesha kwamba alishinda. Mfumo unaomnyima mshindi halali uthibitisho wa ushindi wake haufai hata kwa mshindi.

Hapa ndipo uvumilivu unanishinda. Tunaambiwa tuwaamini wataalamu. Kama hesabu ya Kuntsevo ilikuwa safi, dawa ilikuwa rahisi: kurudia uchaguzi wa jimbo hilo kwa karatasi na kuwanyamazisha walalamikaji. Badala yake, Juni 2023 Lobanov alitangazwa "wakala wa kigeni", mwezi uliofuata akafukuzwa kazi chuoni, kisha akaondoka nchini. Golos, shirika lililofuatilia chaguzi za Urusi kwa miaka mingi, lilifunga shughuli zake mwaka 2025 baada ya mmoja wa viongozi wake, Grigory Melkonyants, kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Mwenye hesabu safi hawafungi wakaguzi.

Siku serikali yako, popote ulipo, itakapokuja na kura ya mtandaoni na maneno matamu ya usasa, usiulize mtambo una kasi gani wala umegharimu kiasi gani. Uliza aliyeshindwa atahesabu vipi upya. Usipopata jibu, idai karatasi yako.