Joto la Katavi: Kipimo au makadirio?

MKULIMA wa Katavi anayechagua mbegu ya mahindi au anayeuziwa bima ya mazao hana budi kujua takwimu za joto zinatoka wapi. Vituo vya hali ya hewa ni vichache. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, iligawa nchi katika miraba midogo, ikaunganisha kumbukumbu za vituo na makadirio ya kompyuta kuziba mapengo.

Mwinuko nao huzingatiwa: kila mita 100 kwenda juu, joto hupungua takriban nyuzi 0.6. Hivyo, bonde la Ziwa Rukwa huwa na joto kuliko Mpanda mjini.

Lakini mraba ulio mbali na kituo ni makadirio, si kipimo. Kabla ya kusaini bima, mkulima aulize kituo kiko umbali gani.