Nani Ataziandika Nyimbo Zetu?



Wengi wetu tumezoea kusema kwamba muziki wa orkestra ni mambo ya Wazungu. Kinshasa kuna watu wanaolikanusha neno hilo tangu mwaka 1994. Ndipo Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake, alipoanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, nao wakazipokezana. Uzi ulipokatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Wameipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na mwaka 2010 filamu ya Kinshasa Symphony iliwajulisha kwa ulimwengu.

Tunawasifu. Lakini tunajiuliza: wakitaka kesho kuandaa tamasha la kumheshimu mtunzi wa Kongo aliyefungua njia mpya, watasoma karatasi zipi?

Béla Bartók wa Hungaria anahesabiwa kati ya waanzilishi wa muziki mpya wa karne ya 20. Upya wake haukutoka mjini peke yake. Pamoja na mwenzake Zoltán Kodály, alizunguka vijijini akiwa na fonografu, akarekodi nyimbo za wakulima na kuziandika noti kwa noti. Mapigo na milio aliyoikuta huko, isiyofuata kanuni za shule, ikaingia katika kazi zake. Alifariki New York mwaka 1945, na hata leo orkestra zinamfanyia matamasha, kwa maana kurasa zake zipo.

Turudi kwetu. Mwaka 1958, huko Kamina, watoto na walimu wa shule wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, waliimba Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini. Sauti na ngoma zilikuwa za Kongo. Sehemu nyingi waimbaji walizibuni papo hapo, kwa kufuata desturi ya wazee wao. Santuri yake ilizunguka dunia. Lakini ukiuliza mwenye kazi hiyo ni nani, utatajiwa kwanza jina la padri. Hatumlaumu: bila yeye huenda tusingekuwa hata na santuri. Tunasema tu kwamba jina humfuata yule aliyeandika.

Joseph Kiwele wa Katanga aliandika. Alitunga Messe katangaise, akaleta milio ya kwetu katika kwaya ya kanisa. Wengi wanamkumbuka kwa wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, ambako alikuwa waziri wa elimu. Siasa ile ilitugawanya, na kila mtu ana haki ya kuipima. Hata hivyo, si haki kuuzika muziki wa mtu pamoja na siasa yake. Kwa kuwa aliandika, uamuzi wa kumpigia tamasha umo mikononi mwetu. Asiyeandika hatuwezi hata kubishana juu yake.

Mtasema: kijana wa Salamabila anayeshuka shimoni kutafuta dhahabu atafaidi nini na noti? Na orkestra tutaipata wapi? Swali ni la haki. Hatuwaombi fidla. Tunaomba daftari na kalamu. Nyimbo za Kibangubangu ambazo mama zetu huimba shambani na msibani zinakaa katika vichwa vya watu wachache, na vita vimekwisha kuwatawanya watu wa Kabambare na Kasongo mara nyingi. Kwaya ikikimbia, wimbo usioandikwa hukimbia nayo, na si kila wimbo hurudi.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa kila taifa upewe heshima yake. Heshima hiyo ina kazi ndani yake. Kila kikundi cha vijana kichague wawili wajifunze solfeji. Waandike sauti, maneno kwa lugha yake, mahali wimbo ulipoimbwa na sababu yake. Asiyejua noti aandike maneno kwanza na kuurekodi wimbo kwa simu.

Anzeni na mzee aliye jirani. Na kabla ya kumwomba aimbe, mwulizeni jina la aliyeutunga wimbo huo, mliandike juu ya ukurasa.