Mlango Ukigongwa Usiku



Wapo wazazi waliookoka wanaoamini riwaya ni kupoteza wakati, na mbaya zaidi ni ile ambayo watu wema wanasema uongo. Leo naomba nitofautiane nao kwa upendo.

Chukua riwaya ya Lois Lowry, Number the Stars, iliyotoka mwaka 1989. Jina lake limetokana na Zaburi 147. Ni mwaka 1943, Copenhagen, Denmark, chini ya majeshi ya Wajerumani. Annemarie ana miaka 10. Rafiki yake Ellen ni Myahudi. Habari zinafika kwamba Wayahudi watakamatwa, na Ellen analala kwa kina Annemarie. Usiku askari wanagonga. Annemarie anamkata Ellen mkufu wenye Nyota ya Daudi na kuufumbata mkononi. Askari wanauliza mbona huyu ana nywele nyeusi na wenzake hawana. Baba anatoa picha ya utotoni ya binti yake mkubwa, ambaye alishafariki, kana kwamba Ellen ndiye huyo.

"Lakini mchungaji, si amedanganya?"

Fungua Kutoka 1. Shifra na Pua walimficha Farao ukweli, watoto wakaishi, na Mungu akawatendea mema. Soma Yoshua 2, kisha umtafute Rahabu katika Waebrania 11. Sisemi uongo umehalalishwa. Anayedanganya ili kuokoa ngozi yake mwenyewe asijifiche nyuma ya Rahabu. Ninachosema ni kwamba muuaji akija kudai mtoto, huna deni lake.

Familia ya Annemarie ni ya kubuni, ila hatari ile ilikuwa ya kweli. Mwisho wa Septemba 1943, Rabi Marcus Melchior aliwaonya waumini wake katika sinagogi la Copenhagen. Jumapili ya tarehe 3 Oktoba, barua ya maaskofu wa Kilutheri ya kupinga mateso ya Wayahudi ilisomwa makanisani. Katika majuma machache Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwa mashua hadi Sweden. Si wote walioponea: karibu 470 walikamatwa na kupelekwa kambi ya Theresienstadt. Na si kila mvuvi alikuwa malaika. Wengine walitoza nauli kubwa. Mungu alitumia watu waliokuwepo.

Sasa sikiliza, mtu wa Mungu. Kila anayesoma hadithi hii hujiona akiwa upande wa kina Annemarie. Hakuna anayejiona akichungulia dirishani huku jirani akichukuliwa. Lakini Ujerumani kwenyewe kulikuwa na makanisa, Biblia na kwaya, na wengi walinyamaza. Watoto wa Kiyahudi wapatao milioni 1.5 waliuawa katika Ulaya iliyojiita ya Kikristo. Kujua maandiko pekee hakukutosha.

Katika riwaya, familia hizi mbili zilikaa jengo moja. Watoto walitembea pamoja kwenda shule, wazazi wakiketi pamoja. Usiku ule wa hatari, Ellen hakuwa "Myahudi" machoni pao. Alikuwa Ellen. Mlango unaofunguka usiku ni ule uliozoea kufunguka mchana.

Kwa hiyo nakuuliza: mtoto wa jirani yako wa kabila lingine, au wa dini nyingine, ashawahi kula mezani pako? Unalijua jina lake? Usingoje siku ya hatari ndipo uanze kuwa jirani.

Soma hadithi kama hizi na watoto wako. Ukifika pale askari wanapogonga, funga kitabu na uwaulize: sisi tungefanya nini? Halafu nyamaza, uwasikilize.

Baba, tupe macho ya kumwona jirani kabla hajahitaji mahali pa kujificha. Katika jina la Yesu, amina.

Ubarikiwe.