Tunanunua Muziki au Tetemeko?

Vijana wenzangu, tuambiane ukweli: hedifoni hatujui kununua. Mshikaji anafika Kariakoo, anavaa dakika moja, muuzaji anafungulia ngoma nzito, kichwa kinatikisika, basi: "Hii bomba, nifungie!" Jioni anaweka taarabu. Ganuni haisikiki, fidla zinalia kama zimefunikwa blanketi, na maneno ya mwimbaji yamemezwa yote na besi. Sasa amenunua nini huyu, muziki au tetemeko?

Halafu wako mabwana wanaotucheka: eti cha bei chee ni takataka tu. Si kweli! Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283, akaona bei haihusiani na jinsi sauti za chini, za kati na za juu zinavyogawanywa. Ukilipa zaidi huenda ukapata nakshi na jina. Sauti nzuri hujaahidiwa.

Basi tupime wenyewe. Nenda na wimbo unaoujua kwa moyo, na sauti uiweke chini. Herufi "s" ikichoma kama sindano, rudisha. Besi isikike noti kwa noti, sio mvumo mtupu. Za kuchomeka zikikosa besi, jaribu kwanza mpira wa saizi nyingine. Sikio lisipozibwa vizuri, besi hutoroka. Kisha vaa nusu saa, na miwani yako kama unayo. Inabana? Ngozi bandia inakutoa jasho? Achana nayo, hata kama inaimba kama malaika. Kitu usichoweza kukivaa hutakisikiliza.

Mtasema haya ni mambo madogo. Madogo? Ndani ya daladala, hedifoni isiyoziba kelele inakulazimisha kuongeza sauti, kituo hadi kituo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Nywele za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na spea yake haiuzwi Kariakoo wala kwingineko.

Nasi tunaojiita waandishi ndio wa kwanza kuonywa. Lugha tunaiokota kwa masikio: barazani, sokoni, kwenye nyimbo. Tukizoea mtikisiko unaomeza maneno, kesho tutaandika mashairi ya namna hiyo hiyo, makelele matupu, halafu tutawalaumu wasomaji.

Punguza sauti, ndugu yangu. Sikiliza neno.