Historia Imo Mvunguni, Tuiname

Tukizungumzia Ufaransa ya kabla ya 1789 mazungumzo yetu hayavuki lango la Versailles. Mfalme alikuwa hivi, Malkia Marie-Antoinette aliwaambia wenye njaa wale keki. Hakuna ushahidi kwamba alisema hivyo, lakini sisi bado tunamnukuu! Mkulima wa Limousin na nahodha wa Bordeaux hatuwajui, kisha tunajiita wasomi.

Wala habari zao hazikupotea. Sheria ya tarehe 26 Oktoba 1796 iliamuru nyaraka za utawala wa zamani zikusanywe katika makao makuu ya kila mkoa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watunzaji wake wakaanza kuchapisha orodha, buku baada ya buku, kwa herufi zile zile nchi nzima. B ni mahakama. C ni utawala wa majimbo, pamoja na kodi na kazi za shokoa za barabarani. E ni familia na mikataba yao. G na H ni kanisa na watawa. Aliyeuelewa mpangilio huu Bordeaux hapotei Nantes.

Wako wanaodharau orodha, wakidai ni kazi ya makarani. Sisi wahandisi hatufungui mtambo bila mchoro. Kwa nini tuifungue historia bila orodha? Ila mchoro si mtambo. Orodha hizo ni muhtasari, na mtunzaji aliyependa mambo ya wakubwa aliweza kulipa kabrasha zima la wanyonge mstari mmoja tu. Kwa hiyo tusinakili orodha tukasema tumetafiti. Tuchukue namba, twende tukaombe kabrasha lenyewe.

Na jambo hili linatuhusu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Katika miaka ya 1780 meli za Bordeaux nazo zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kufuata biashara hiyo hiyo. Kumbukumbu za mahakama ya bahari ya Bordeaux zimo mkoani Gironde, chini ya herufi B. Sisi tunaendelea kuitafuta historia ya pwani London na Zanzibar peke yake, kana kwamba mnunuzi hakuwa na daftari!

Tunaoishi Ulaya tuna udhuru gani? Nyingi ya orodha hizo zinasomwa bure kwenye intaneti, na treni ya kwenda Bordeaux ipo. Vijana wetu wanasoma Kifaransa shuleni. Tuwape kazi yenye maana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuache kulalamika kwamba wazee wetu hawakuandikwa. Waliandikwa, tena kama bidhaa. Wasiosoma ni sisi.