Baiskeli ya safari ndefu: anza na tairi, si fremu

Ikiwa unanuia kuundiwa baiskeli ya safari ndefu, nina ushauri ambao huenda muuzaji wako asikupe. Pesa zako za kwanza zitumie kwa tairi, kiti, usukani na gia. Fremu inayong'aa, rangi na jina la kampuni ni mambo ya baadaye. Nasema haya kama daktari wala si kama mwanamichezo, kwa sababu matokeo ya kupuuza jambo hili huishia katika chumba cha matibabu.

Wengi wanaonunua baiskeli siku hizi wameelekezwa huko na daktari. Mmoja ana shinikizo la damu, mwingine ana kisukari, wa tatu amenenepa hadi anashindwa kupanda ngazi za ofisini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Baiskeli ni njia njema ya kutimiza hesabu hiyo, kwani hubeba uzito wa mwili na hivyo haigongi magoti kama kukimbia kunavyoyagonga. Isitoshe, mtu akishazoea, hutamani kwenda mbali zaidi: Naivasha, Magadi, pengine hata Mombasa.

Lakini baada ya miezi miwili, aghalabu baiskeli huwa imetundikwa ukutani. Ukimdadisi mgonjwa, hakuacha kwa uvivu. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, mgongo unauma, magoti yanalia, na kwa aibu anaongeza kwamba hata sehemu za siri zilikuwa zinakosa hisia. Tiba imeachwa, na shinikizo la damu limerudi pale pale. Wahenga hawakukosea waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Wapo pia wanaoamini kwamba maumivu ndiyo dalili ya zoezi kufanya kazi. La hasha! Misuli kuchoka ni jambo la kawaida. Ganzi si kuchoka. Ganzi ni mshipa wa fahamu unaolalamika kwamba umebanwa.

Upepo ndio dawa ya kwanza

Tairi la upepo tunalolijua leo lilipata umaarufu kwa sababu ya kutafuta nafuu ya mwili. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alilijaribu mwaka 1887 kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ambayo magurudumu yake magumu yalikuwa yakimtikisa mtoto. Mwaka uliofuata alisajili uvumbuzi huo. Tangu siku hizo kanuni haijabadilika. Kwenye barabara iliyochakaa, jiwe hupiga gurudumu, gurudumu hupiga fremu, na fremu hukupiga wewe. Mahali bora pa kuuzuia mtikisiko ni katika upepo ulio ndani ya tairi, kabla haujaingia kwenye chuma.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza fundi si bei wala uzito. Muulize hivi: "Fremu hii inaweza kupokea tairi la upana gani, pamoja na madigadi?" Akikujibu milimita 28, mshukuru na uendelee na safari yako. Kwa barabara zetu za lami yenye mashimo na za changarawe zenye mawimbi, tafuta fremu inayopokea angalau milimita 40. Ikiwa unanuia kuacha lami kabisa, tafuta ya milimita 50.

Utaambiwa kwamba tairi pana ni zito na la polepole. Hiyo ni imani ya zamani. Hata waendeshaji wa mashindano ya Tour de France, ambao kwa miaka mingi walitumia matairi ya milimita 23, siku hizi wanatumia ya milimita 28 na zaidi. Sababu ni kwamba tairi jembamba lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe hurukaruka kwenye barabara mbaya, na kila mruko hula nguvu zako. Nguvu hizo hupotelea katika misuli na viungo vyako, ndiyo maana unafika umechoka kuliko umbali uliokwenda.

Kununua tairi pana kisha ukalijaza upepo mpaka lisibonyee ni sawa na kununua godoro na kulala sakafuni. Mtu wa kilo 75 aliyebeba mzigo wa kilo 15, akiwa na tairi la milimita 50, anaweza kuanza na namba 30 kwenye geji kwa gurudumu la mbele na 40 kwa la nyuma. Kwa tairi la milimita 40, aanze na 40 mbele na 50 nyuma. La nyuma hupewa zaidi kwa kuwa ndilo hubeba sehemu kubwa ya uzito. Kisha ajaribu, aongeze au apunguze kidogo kidogo, mradi asivuke mipaka iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukipunguza kupita kiasi, rimu itaibana tyubu kwenye shimo na kuitoboa, na baiskeli itayumba kwenye kona.

Jihadhari pia na namba za matairi. Tairi linaloitwa 28 la Black Mamba hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ilhali matairi mengine yanayoitwa 28, pamoja na yale ya 29, ni ya rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini moja halitaingia kwa jingine hata ukilia. La 26 la baiskeli za milimani ni milimita 559. Namba hizi utazisoma ubavuni, mathalan 50-559: ya kwanza ni upana na ya pili ni rimu. Kabla ya kuchagua rimu, pata habari ni namba gani zinauzwa katika miji utakayopitia. Mimi humshauri mtu wa kimo cha kawaida au mfupi achukue 559, kwani gurudumu dogo ni imara na halimlazimishi kujinyoosha kwenye fremu kubwa.

Kuna na suala la miiba. Anayekwenda Magadi anaijua miiba ya migunga. Yapo matairi yenye ukanda mgumu chini ya mpira unaokanyaga ardhi, nayo husaidia sana. Lakini chagua lile ambalo mbavu zake bado ni laini mkononi. Tairi lililo gumu kila upande huzuia miiba na huzuia pia nafuu uliyolipia. Beba tyubu mbili za akiba, viraka na pampu, na pancha haitakuwa msiba.

Kiti: usidanganywe na ulaini

Wengi hubonyeza kiti kwa kidole gumba dukani, na kilicho laini zaidi ndicho hununuliwa. Kumbe mtu hakalii kidole! Unapoketi, uzito wako unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Kiti laini kupita kiasi huiacha mifupa hiyo izame, na sehemu ya katikati ya kiti ikapanda juu na kubana mishipa ya damu na ya fahamu iliyo kati ya miguu. Hapo ndipo ganzi inapoanzia.

Tafuta kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako. Akina mama kwa kawaida huhitaji kipana zaidi, kwani nyonga zao ni pana; wasikubali kupewa chochote kilichobaki dukani. Kiti cha ngozi iliyotandazwa juu ya chuma kitakusumbua majuma ya mwanzo, halafu kitachukua umbo lako. Kikae sawasawa, au pua yake iinamishwe kidogo tu. Na njiani, simama juu ya pedali kila baada ya dakika 10 au 15 ili damu ipite. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kwa hivyo usimruhusu mtu ambaye hatakaa juu ya baiskeli hiyo akuchagulie kiti.

Usukani na vidole vyako

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni malalamiko ya kawaida kwa waendeshaji wa safari ndefu. Husababishwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, unapokandamizwa kwa saa nyingi. Ukipuuzwa, mkono huanza kupoteza nguvu, hata kufunga vifungo vya shati kukawa shida.

Tiba yake huanzia kwa fundi. Usukani uwe na upana wa mabega yako, na kimo chake kilingane na kiti au kipite kidogo, hasa ikiwa umevuka miaka 40 au mgongo wako una historia. Usiwe mbali hadi ukalazimika kujinyoosha. Usukani ulionyooka hukupa mahali pamoja tu pa kushika, basi mwambie fundi akuongezee vishikio vya pembeni, au uchukue ule uliopinda kama pembe za kondoo dume ili uweze kubadilisha mikono. Ufunge utepe mnene na uvae glavu zenye pedi.

Watu hucheka Black Mamba, lakini itazameni vizuri: tairi pana, kiti chenye springi, usukani ulio karibu na kifua. Ni baiskeli zilizobeba maziwa, maji na abiria kwa miongo mingi, na aliyeketi juu yake ameketi wima. Kinachoipungukia ni gia, wepesi na breki za kutegemewa. Ukichukua mkao wake na kuongeza hayo matatu, umepata baiskeli ya safari.

Magoti hayana vipuri

Magoti mengi huharibiwa na mambo mawili: kiti kilicho chini mno na gia nzito. Keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Kisha, ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, nayo ndiyo hali inayotakiwa. Ukiona goti linauma kwa mbele, aghalabu kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, huenda kiko juu mno.

Gia nazo ziwe nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Mwambie fundi duara dogo la mbele liwe na meno 24 na kubwa la nyuma liwe na meno 32 au zaidi. Kwa gurudumu la 559, kila mzunguko wa pedali utakusogeza kama mita moja na nusu tu. Kijana wa mtaani atakucheka, lakini siku utakapokuwa unarudi kutoka Magadi ukipanda kuelekea Kona Baridi na mzigo nyuma, utamkumbuka fundi kwa dua njema. Zungusha miguu mara 70 hadi 90 kwa dakika badala ya kusukuma kwa kishindo. Moyo utafanya kazi, na magoti yatapumzika.

Kuhusu uma wenye springi, wa bei nafuu ni mzito, huharibika mapema na huwezi kuutengeneza njiani. Fremu ya chuma cha kawaida, magurudumu ya spoki 36 na tairi pana vitakufaa zaidi. Chuma kikipasuka, mafundi wa kukichomelea hawakosekani katika miji mingi.

Kabla hujaondoka

Baiskeli ikishaundwa, usiipeleke mbali siku hiyo hiyo. Iendeshe kilomita 20, urudi kwa fundi arekebishe kiti na usukani, kisha ujaribu kilomita 40 ukiwa na mzigo. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu lisilodhibitiwa au kisukari apimwe kwanza na daktari wake. Anayetumia sindano ya insulini abebe kitu kitamu mfukoni. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakata bila sababu, simama na utafute msaada mara moja. Na ganzi isiyokwisha baada ya siku moja au mbili, iwe ya mkono au ya sehemu za siri, isifichwe kwa aibu. Nenda ukaonwe.

Natambua kwamba fedha hazitoshi kwa kila kitu, na fundi atataka kukuuzia kile kinachoonekana. Pesa zikipungua, punguza rangi, punguza jina la kampuni, punguza hata idadi ya gia. Lakini tairi, kiti na usukani usivipunguze, kwani hivyo ndivyo vitakavyoamua kama mwaka ujao bado utakuwa unaiendesha baiskeli hiyo, au utakuwa umerudi kwangu kuongezewa vidonge.